Kabla Fundi wa Faiba Hajafika

Lori la mizigo limeshageuza na kuondoka. Magodoro yameegemezwa ukutani, sufuria bado zimo kwenye maboksi, na mama anauliza nani amekiona kiberiti. Mmehamia Kihonda, kaskazini mwa mji wa Morogoro, jirani na barabara kuu iendayo Dodoma. Ukisimama uani ukatazama kusini, Milima ya Uluguru imejaa mbele yako, kilele cha Lupanga kimejifunika wingu. Umeme upo, LUKU imekubali tokeni. Maji mmechota. Kaka yako amekaa juu ya boksi la vitabu, simu mkononi, anataka kutuma kazi ya chuo kabla ya saa sita usiku. Anageuka na kusema, "Mama, hapa hakuna waifai."

Mama anajibu kwamba fundi wa faiba ameshapigiwa simu, atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo! Kaka anashika kichwa.

Wewe usishike kichwa. Nyumba isiyo na waifai si nyumba isiyo na mtandao. Mtandao ulifika Kihonda kabla yenu, na unapita karibu nanyi saa hii. Ukijua unapita wapi, na ukajua kuugawa, wiki hiyo moja mtaivuka salama. Sikiliza nikueleze.

Tuanze na jambo linalomuudhi kaka: kwa nini fundi asije leo?

Faiba ni uzi wa kioo. Unene wa kioo chenyewe ni kama sehemu ya nane ya milimita moja. Ndani yake haupiti umeme, hupita mwanga, ukiwaka na kufifia mara mabilioni kwa sekunde, na kuwaka na kufifia huko ndiko kunakobeba picha, sauti na maandishi. Waya wa shaba ukikatika, fundi anausokota na kazi inaendelea. Uzi wa kioo huchomelewa ncha kwa ncha kwa mashine maalumu. Kwa hiyo fundi hawezi kukurupuka tu. Lazima ajue kwanza kama nguzo yenye boksi la faiba iko karibu na nyumba yenu, kama boksi hilo lina nafasi, na waya utapita wapi mpaka uingie ndani. Tena lazima mwenye nyumba awe ameruhusu ukuta utobolewe. Kama mmepanga, hilo la mwisho ni juu yenu. Mama ampigie mwenye nyumba leo, si siku ambayo fundi amesimama mlangoni na drili mkononi.

Kuna kazi nyingine ambayo unaweza kuifanya wewe mwenyewe. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, nchi nzima iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi: barabara za mitaani zikapewa majina, nyumba zikapewa namba. Tafuta namba ya nyumba yenu mpya na jina la barabara, uyaandike kwenye karatasi, karatasi uibandike nyuma ya mlango. Kihonda ni pana. Kuna Maghorofani, kuna upande wa VETA, na kuna mitaa mipya inayoendelea kujengwa. Ukimwambia fundi "njoo Kihonda" basi, atazunguka na pikipiki yake mpaka jua lizame. Mpe namba, mpe jina la barabara, kisha umwongezee alama anayoweza kuiona kwa macho: msikiti, kanisa, duka la kona.

Sasa turudi kwenye simu ya kaka. Haina waya, lakini usidhani mtandao unaelea hewani kutoka huku hadi Ulaya. Hewani unasafiri mwendo mfupi tu, kutoka kwenye simu hadi kwenye mnara, mita mia kadhaa au kilomita chache. Kutoka kwenye mnara huo, ujumbe huchukuliwa kwa faiba, au hurushwa hadi mnara mwingine, mpaka uingie kwenye njia kubwa za nchi. Mojawapo ya njia hizo ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao Serikali ilianza kuujenga mwaka 2009. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 190. Basi linaloondoka stendi ya Msamvu hutumia saa kadhaa kufika huko. Mwanga ndani ya kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo ujumbe wa kaka huimaliza safari hiyo kwa muda unaokaribia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukifika Dar es Salaam, ukiwa unakwenda nchi za mbali, unazama baharini na kufuata waya uliolazwa kwenye sakafu ya Bahari ya Hindi.

Waya huo haukuwepo siku zote. Mpaka mwaka 2009, mawasiliano mengi ya intaneti ya Tanzania na dunia yalipanda kwanza hadi kwenye setilaiti, kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, kisha yakashuka upande wa pili. Ilikuwa njia ndefu, ya polepole na ya gharama. Julai 2009 waya wa Seacom ukaanza kazi Dar es Salaam. Miezi michache baadaye, Oktoba mwaka huohuo, mwanasayansi Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, alitangazwa kuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Alipewa tuzo hiyo kwa sababu mwaka 1966 alionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mwanga kwa umbali mrefu bila kupotea. Hesabu mwenyewe: kutoka 1966 hadi 2009 ni miaka 43. Wazo liliandikwa kwenye karatasi, wahandisi wakalifanyia kazi, na likaja kutokea kwenye pwani yetu.

Huenda unaikumbuka Mei 2024. Tarehe 12, nyaya mbili za baharini, Seacom na EASSy, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Minara ilikuwa imesimama. Simu zilionyesha vijiti vyote vya mtandao. Watu walikuwa na bando, lakini picha hazifunguki na kurasa zinazunguka tu. Jifunze hapo jambo moja: vile vijiti juu ya skrini vinapima mwendo wa kutoka kwenye simu yako hadi kwenye mnara, basi. Havikuambii lolote kuhusu njia iliyobaki. Siku mtandao ukigoma, kabla ya kuilaumu simu, muulize mtu mwenye laini ya kampuni nyingine. Kama naye amekwama, tatizo liko mbali na nyumba yenu, na kuzima na kuwasha simu mara kumi hakutasaidia.

Haya, inuka. Kusanya simu zote za nyumbani. Laini ya mama ni ya kampuni moja, ya kaka nyingine, ya baba nyingine tena. Tanzania tuna Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL, na Yas ambayo hadi Novemba 2024 tuliijua kwa jina la Tigo. Jirani atakuambia kampuni ipi ni nzuri Kihonda, na umsikilize, ila kinachoshika vizuri kwake kinaweza kusuasua kwako. Pima mwenyewe.

Namna ya kupima ni hii. Chukua simu moja, simama sebuleni, kisha chumbani, kisha jikoni, kisha uani. Kwenye simu nyingi, ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa za simu na laini, utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. Ukiona −80, hapo pazuri. Ukiona −110, hapo simu inahangaika, na betri itaisha upesi kwa sababu simu inapaza sauti ili mnara uisikie. Andika kila namba kwenye daftari. Utashangaa kuona kwamba hatua nne tu, kutoka katikati ya sebule hadi dirishani, zinabadilisha kabisa namba ya simu ileile.

Sababu ni nyumba yenyewe. Bati la juu ni chuma, na chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka. Ukuta wa zege wenye nondo hupunguza nguvu yake. Dirisha huyapitisha. Mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, ndiyo maana kwenye kilele cha Bondwa, huko Uluguru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, imesimikwa minara ya mawasiliano: kutoka huko juu huonekana nchi pana. Lakini mlima huohuo huwaziba walio nyuma yake, na kijiji kilichojificha bondeni kinaweza kukosa mtandao ilhali mnara hauko mbali. Ninyi mko tambarare. Kizuizi chenu kikubwa ni kuta na bati, na dawa yake ni kuhamisha simu, tena bure. Toka nje uutafute mnara kwa macho. Juu yake utaona mabamba marefu yaliyoelekezwa pande mbalimbali, kila bamba likihudumia upande wake. Dirisha linaloutazama mnara ndilo dirisha lenu la mtandao. Hapo ndipo simu ya kuwarushia wengine mtandao itakapokaa.

Ukishapata dirisha, angalia na saa. Mnara ni kama bomba la mtaa: alfajiri ukifika peke yako ndoo inajaa mara moja, lakini jioni wakija watu thelathini, maji ni yaleyale na kila mmoja anapata kidogo. Kati ya saa moja na saa nne usiku watu wengi wamerudi nyumbani, wote wanafungua video. Kazi ya chuo ya kaka ikitumwa saa kumi na moja alfajiri, au mchana watu wakiwa makazini, itakwenda upesi zaidi. Leo hana nafasi ya kuchagua, kwa hiyo mkae dirishani. Kuanzia kesho apange.

Tumefika kwenye bando. Hapa ndipo nyumba nyingi hugombana, na mara nyingi mtoto ndiye anayetupiwa lawama. Mimi naona si haki kumwambia mtoto "umemaliza bando" wakati hakuna aliyewahi kumweleza bando linaliwaje. Basi nakueleza.

Bando hupimwa kwa MB na GB, na GB moja ni kama MB 1,000. Ujumbe wa maandishi wa WhatsApp hula kiasi kidogo mno. Unaweza kutuma maelfu na usimalize GB moja. Picha ni nzito kuliko maandishi, na video ndiyo mlaji mkuu. Video ya ubora wa kawaida inaweza kula hadi GB moja kwa saa, na ile ya ubora wa juu inaweza kufika GB tatu kwa saa. Tuseme mama ameunga bando la GB 5 la wiki. Filamu moja ya ubora wa juu, ya saa moja na nusu, inaweza kulimaliza karibu lote usiku wa kwanza. GB hizohizo zingemtosha mama kupokea oda za wateja wake, kaka kutuma kazi zake, na wewe kusoma masomo yako wiki nzima.

Halafu upo mtego ambao hata watu wazima hunaswa nao. Mama akiwasha hotspoti kwenye simu yake ili kaka aunganishe laptopu, laptopu hiyo haijui kwamba inakula bando. Inaona waifai, na waifai kwake ni mtandao wa kutumia bila kubana. Basi kimyakimya inaanza kupakua masasisho yake, ambayo yanaweza kuzidi GB moja. Simu ya dada ikiunganishwa hapohapo, nayo inaanza kupandisha picha zote za mwaka kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kupakua kila video ya kila kundi la WhatsApp. Hakuna aliyegusa kitu, na baada ya nusu saa bando limekwisha.

Dawa yake iko kwenye mipangilio. Kwenye laptopu, fungua jina la waifai hiyo na uweke alama kwamba muunganisho huu unapimwa. Masasisho makubwa yatasubiri. Kwenye simu inayopokea, zima upandishaji wa picha, zima masasisho ya programu, na kwenye WhatsApp ondoa upakuaji wa kujiendesha wakati wa waifai. Kwenye simu ya mama inayorusha, weka neno la siri lisilokisika kirahisi, na kama simu inaruhusu, weka kikomo cha watu wa kuunganishwa. Kanuni za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, za mwaka 2021 zinataka kampuni imtaarifu mteja matumizi ya bando yakifika asilimia 75, na bando linapokwisha. Ujumbe huo ukiingia, usiufute. Wasomee wote.

Kisha fanyeni kikao, hata kama ni juu ya mkeka kwa kuwa viti havijafunguliwa. Kila mmoja aseme anahitaji nini kwa wiki hii, si anapenda nini. Biashara ya mama kwanza, kwa sababu ndiyo inayonunua bando. Masomo yanafuata. Kinachobaki ni burudani, na mgawane sawa. Kama kaka anasoma SUA au Mzumbe, mafaili makubwa ayapakue akiwa chuoni, nyumbani aje nayo kwenye laptopu.

Simu inayorusha hotspoti hupata joto na hula betri. Usiifunike na nguo, usiiweke juani, na iache kwenye chaji. Mkiona fundi atachelewa zaidi, mnaweza kutafuta rauta ya laini. Ni rauta ya kawaida, ila badala ya waya wa faiba inaingizwa laini ya simu. Ipo pia ndogo ya mfukoni yenye betri yake, inayoitwa MiFi, ambayo umeme ukikatika inaendelea kufanya kazi. Faida yake kwa mpangaji ni kwamba siku mkihama tena, mnahama nayo. Kabla ya kununua, rudi kwenye daftari lako la dBm. Rauta ya kampuni ambayo laini yake inasuasua dirishani kwenu nayo itasuasua.

Ukienda kununua laini mpya, nenda na mzazi, kwenye duka la kampuni au kwa wakala anayejulikana. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha NIDA, na mtoto hutumia laini iliyosajiliwa na mzazi au mlezi. Mtu akikuuzia njiani laini ambayo "imeshasajiliwa", ikatae. Ni jina la mtu mwingine hilo, na siku ikizimwa mtapoteza namba na bando. Na wakala akiomba kidole cha mama mara ya pili na ya tatu, mama aulize kwa nini. Baadaye apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Asiyoijua, aende kwa kampuni husika ifutwe. Ujumbe wa matapeli ukiingia, unatumwa kwenda namba 15040.

Imebaki njia moja, ya zamani kuliko faiba: jirani.

Usivizie waifai ya mtu kwa kubahatisha maneno ya siri. Huo ni wizi, hata kama hakuna anayekuona. Nenda na mama au kaka, mchana, mbishe hodi.

"Hodi hapa!"

"Karibuni."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ninyi ndio mliohamia nyumba ya kona?"

"Ndiyo, mama. Tumekuja kujitambulisha. Tena tulikuwa na ombi: fundi wa faiba anakuja wiki ijayo, na kaka ana kazi ya chuo ya kutuma leo. Tunaomba kama unaweza kuturuhusu tutumie waifai yako, hiyo kazi tu."

Ombi hilo lina mambo matatu: umesema ni nini, umesema ni kwa muda gani, na umemwachia nafasi ya kukataa. Akikubali, tumieni kwa lile mliloomba. Usimpe rafiki yako neno la siri. Usifungue filamu, maana mtandao wake naye anaulipia. Na huko kwa watu, kama ilivyo kwenye waifai ya stendi au ya mgahawa, mama asifungue mambo ya benki au ya pesa za simu. Hayo ayafanye kwa bando lake. Kazi ikiisha, rudini mkashukuru.

Siku ya fundi itafika. Msomee anwani kwenye karatasi yako, muoneshe ukuta ambao mwenye nyumba ameruhusu utobolewe, na muombe rauta ikae katikati ya nyumba, mahali pa juu, mbali na kabati la chuma. Akimaliza, badilisheni neno la siri la kiwandani siku hiyohiyo. Rauta nyingi zina nafasi ya kufungua waifai ya pili, ya wageni, yenye neno lake la siri. Mwombe akuoneshe namna ya kuifungua.

Kihonda inakua, na karibuni lori lingine litageuza kwenye mtaa wenu na kushusha magodoro. Wakibisha hodi kuomba, wapeni waifai ya wageni, na daftari lako la dBm waazime. Wasipobisha, nenda wewe.